Barua Mbele ya Kokwet

Haya nilisimuliwa na Wilkista, yule mama wa kutoka ziwani aliyekuwa akichuma chai shamba la jirani. Ilikuwa Aprili mwaka wa tisini na nane, siku mbili tulizokaa kibandani tukingojea lori la majani ambalo halikuja. Yeye alikuwepo siku yenyewe, akaketi na wanawake wengine na kuona kila uso. Na yale ambayo hakuyaona, Chepchumba alimwambia baadaye, maana walikuwa wakichuma mistari inayofuatana.

Mambo yalianza Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na saba, saa kumi, njia ya kutoka kituo cha kununulia majani, ng'ambo ya Litein. Chepchumba alikuwa amebeba kikapu kitupu mgongoni. Robert Kiptanui alikuwa amesimama kando ya ua na viatu vyake vya Kericho, akitafuta mahali pasipo na matope.

"Kesho usikose kuja kokwet," akamwambia.

"Baraza la wazee mimi nina kazi gani nalo?"

"Njoo uniangalie tu. Wanataka kunichagua."

"Kukuchagua? Kura si mpaka mwisho wa mwaka?"

"Hiyo ni ile kubwa. Kesho kokwet inachagua mtu wa kusimamia mashtaka, mambo yaende kwa mpangilio kama kortini. Watu wanisikie nikiongea. Wakinipenda, naandika barua ya kuacha kazi, nasimama udiwani."

Chepchumba akacheka. "Wewe na barua!"

Kiptanui akatazama nyuma, akatazama mbele. "Ile ya mwisho ulichoma?"

"Niliificha."

"Wapi?"

"Mahali pazuri."

"Chepchumba! Si tulikubaliana?"

"Ungeiandika vibaya basi, ningeichoma." Akamtazama machoni, naye Kiptanui akashindwa kukasirika. Akanyoosha mkono, akamtoa jani la chai lililonasa kwenye leso ya kichwa, akalitia mfukoni mwake kana kwamba ni kitu cha kununuliwa. "Nikishachaguliwa," akasema, "hakuna mtu atanifunga mdomo. Nitakuja mchana, na gari, nikuchukue."

"Na mwanangu Cheptoo."

"Na Cheptoo. Si nimeandika?"

Huyu Kiptanui hakuwa mtu wa hivi hivi. Alitoka nyumba maskini, akaingia polisi, akatumwa Bomet kuandika kitabu cha matukio mchana na usiku. Baadaye wakampeleka korti ya Kericho kumbebea mafaili Sajini Nyang'au, aliyekuwa kiongozi wa mashtaka, au prosikuta kama tulivyozoea kuita. Siku moja Nyang'au alikuja ameng'olewa jino, shavu limefura, hawezi kutamka neno. Hakimu akauliza, "Na huyu anayebeba mafaili, hana ulimi?" Kiptanui akasimama, na kufikia saa sita ile kesi alikuwa ameishinda. Toka siku hiyo hakukaa tena. Akapanda cheo, akapanda kingine, mpaka wezi wa ng'ombe wa Chebunyo wakawa wanauliza kwanza kama yuko kazini ndipo wakane mashtaka.

Ni pale kortini alipomwona Chepchumba. Alikuwa ameitwa kutoa ushahidi juu ya mtamba wa jirani aliyeibwa, na kile kizimba kilimtia hofu hata akasahau jina lake. Kiptanui alimwuliza polepole, kama mtu anayemwongoza ndama kuvuka daraja. "Usiangalie hakimu. Niangalie mimi. Unaitwa nani?" Akamwangalia. Basi.

Lakini Chepchumba alikuwa ameolewa, na aliyemwoa alikuwa mwanamke.

Kwetu jambo hili linajulikana. Mama ambaye mumewe amekufa na hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, nyumba isizimike. Yeye ndiye mume kwa mila. Watoto watakaozaliwa wanaitwa kwa jina la marehemu. Rodah alimwoa Chepchumba hivyo, akamtoa kwao Chebunyo akiwa na miaka kumi na tisa, ili jina la marehemu Koech lisipotee. Akamtafutia mtu wa ukoo wa kuzaa naye. Akazaliwa Cheptoo, msichana. Yule mtu akaoa kwake, akaacha kuja. Sasa Cheptoo alikuwa na miaka minne, na Rodah alikuwa bado anangojea mvulana.

Rodah hakuwa mbaya. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa kigumu. Angekuwa mbaya, Chepchumba angetoroka zamani.

Jumamosi kokwet ilikaa katika kibanda cha kituo cha majani, maana siku hiyo hakukuwa na kupima majani. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi. Rodah alikaa na wanaume, na hakuna aliyeuliza. Mwenye duka mmoja wa Litein alikuwa ameleta kreti mbili za soda na kuziweka mbele kabisa, kila mtu azione.

Mzee Kimeli, aliyekuwa akiongoza kikao, akasimama. "Vijana wanasema tuchague mtu wa kusimamia mashtaka, awe anauliza maswali, sisi tusikilize tu. Mimi sikatai. Macho yangu yamechoka, na masikio pia. Wanamtaka huyu Kiptanui wa Kericho. Wanaokubali wainue mikono."

Mikono ikainuka kibanda kizima. Hata Rodah akainua, akainua na mkono wa Cheptoo aliyekuwa mapajani pake. Kina mama wakapiga vigelegele. Chepchumba akainamisha kichwa, watu wasione anavyotabasamu.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Mwenye ng'ombe alisema ng'ombe wake siku hiyo alikuwa mgonjwa, hawezi hata kusimama.

"Pole sana," Kiptanui akasema. "Alikuwa mgonjwa wa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo lilimwuma kabla ya kula mahindi au baada?"

Kibanda kikaangua kicheko. Mwenye duka akapiga makofi, akageukia wenzake: "Mnasikia? Huyo ndiye mtu wa kutuma!" Chepchumba naye akacheka mpaka machozi, na Wilkista akamgusa na kiwiko. "Wee, cheka kidogo. Watu wana macho."

Ndipo Rodah akasimama. Alikuwa mama mfupi, mwenye fimbo.

"Mimi nina shauri," akasema. "Kuna mtu anamng'oa mke wangu."

Kibanda kikatulia.

"Leo asubuhi nilitoa kibuyu cha zamani, kile kilichopasuka, nimpe jirani aweke mbegu. Nikakitikisa. Nikasikia kitu ndani." Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ni hii. Mimi sikusoma shule. Nikasema siwezi kumpa mtu wa njiani anisomee mambo ya nyumba yangu. Lakini leo tuna msomaji, tumemchagua kwa mikono yetu wenyewe." Akatembea mpaka mbele na kumpa Kiptanui. "Shika, mwanangu. Soma kwa sauti."

Kiptanui akaifungua. Wilkista aliniambia kwamba rangi ya uso wake ilibadilika ikawa kama ya majivu, ila watu walidhani ni hasira ya haki.

"Soma," akasema Mzee Kimeli.

Kiptanui akakohoa. Akasoma kwa sauti ya kortini: "Mpenzi Chepchumba. Tangu siku ile uliposimama..." Akakohoa tena. "Uliposimama sokoni, sijapata kulala vizuri."

Chepchumba alikuwa anaijua barua ile kama sala. Haikusema sokoni. Ilisema: tangu siku ile uliposimama kizimbani nami nikakuuliza jina lako. Akajiambia, ni sawa, anatulinda. Afanyeje?

"Nikifunga macho nakuona," Kiptanui akaendelea haraka haraka. "Nikifungua nakuona. Wako wa daima."

Akaikunja.

Chepchumba akangoja. Kulikuwa na mstari mmoja aliokuwa akiusoma kila jioni kabla ya kukama ng'ombe, mpaka wino ukafifia hapo kwa kidole chake: *Nitakuja kuwachukua wewe na Cheptoo, na Cheptoo atakuwa wangu kama niliyemzaa.* Ndio uliomfanya asichome barua. Kiptanui alikuwa ameuruka kama mtu anayeruka dimbwi.

"Imeisha?" Rodah akauliza.

"Imeisha, mama."

"Mbona maneno machache na karatasi imejaa pande zote mbili?"

"Ni mwandiko mkubwa."

Watu wakacheka, Rodah hakucheka. Akasema, "Mimi sina ugomvi na mtu kuja. Nyumba yangu inataka watoto, na mwanamke ni kijana. Lakini huyu anaficha barua. Anayeficha barua hataki kuja, anataka kuondoa. Naomba kokwet imjue."

"Ni haki yako," Mzee Kimeli akasema. "Prosikuta, muulize mke. Ni nani?"

Chepchumba akaitwa mbele. Alipita katikati ya mabenchi, akasimama hatua tatu kutoka kwa Kiptanui. Aliona jasho juu ya mdomo wake. Alitamani kumpangusa. Haki, hata wakati ule alitamani kumpangusa.

"Unamjua aliyeandika barua hii?" Kiptanui akauliza, akitazama mahali fulani juu ya kichwa chake.

Chepchumba akanyamaza.

"Sema kama humjui," akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo. "Mtu anaweza kuandikiwa barua na mtu asiyemjua. Inatokea."

Chepchumba akaitazama ile karatasi mkononi mwa Kiptanui. Angesema simjui, mlango ungefungwa hapo, na angebaki na mtu huyu wa barua mpaka lini? Angesema namjua, angemuua mbele ya kreti za soda.

Basi akainuka shemeji ya Rodah, ndugu ya marehemu Koech, aliyekuwa amekuja toka Sigowet. Alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Akamwinua Cheptoo kutoka benchi na kumshika mkono. "Kama mama hana mdomo," akasema, "mtoto aje kwetu Sigowet mpaka mdomo upatikane. Huyu ni damu ya ndugu yangu. Sitamwacha nyumba ambayo mtu wa njiani anaandika barua."

"Hiyo ni sawa," wazee wawili wakasema kwa pamoja.

"Mama!" Cheptoo akaita.

Chepchumba akamtazama Kiptanui. Hakumtazama juu ya kichwa. Alimtazama kama alivyofundishwa naye pale Kericho, macho kwa macho.

Kiptanui akageuka kwa wazee, akaunganisha visigino kama alivyozoea. "Mheshimiwa... wazee. Naomba shauri hili litajwe tena baada ya siku kumi na nne."

"Litajwe?" akauliza Mzee Kimeli.

"Liahirishwe. Uchunguzi uendelee."

Mzee Kimeli akacheka taratibu, bila ubaya. "Mwanangu, hiyo ni ya Kericho. Huko mna tarehe. Kokwet haina tarehe. Tukikaa, tunakaa mpaka neno liishe. Tumewahi kulala hapa siku mbili kwa ajili ya mzinga mmoja wa nyuki. Muulize."

Yule wa Sigowet alikuwa tayari amefika nje ya kibanda na Cheptoo. Mtoto alikuwa analia kwa sauti yote.

"Niulize tena," Chepchumba akasema.

Kiptanui hakuuliza.

"Niulize, prosikuta. Uliza kama ulivyoniuliza siku ile ya mtamba. Polepole."

"Chepchumba..."

"Umechaguliwa. Uliza."

"Unamjua," akasema, na sauti ya kortini ilikuwa imekwisha kabisa, "aliyeandika barua hii?"

"Namjua. Ni wewe."

Mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati, matone makubwa, moja moja. Mwenye duka alikuwa wa kwanza kusonga. Aliinama, akashika kreti moja ya soda na kuirudisha nyuma ya benchi kwa mguu, bila kelele, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Ni kweli?" Mzee Kimeli akauliza.

"Ni kweli," akasema Kiptanui. "Ni mimi."

"Na ulikuwa unasoma barua yako mwenyewe hapa, sisi tunasikiliza?"

"Ndiyo."

"Ati mwandiko mkubwa!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na kibanda kikacheka mpaka mvua haisikiki. Kiptanui akasimama katikati ya kile kicheko.

Aliyenyamazisha watu ni Rodah. Alimsogelea, akamtazama toka viatu mpaka nywele. "Kwani ni wewe? Mtu mwenye kazi nzuri hivi, na akili? Mbona hukuja kwangu? Ningekuwekea maziwa ya mursik, ningekukaribisha. Njoo. Mvulana mwenye ulimi kama wako ndiye namtaka. Tena ataitwa arap Koech, mwana wa Koech, na utakuwa unamwona."

Wanaume wakaanza tena kucheka. Kiptanui akasema kwa uchungu, "Mama, mimi si dume la kukodishwa. Nataka kumwoa. Nimweke kwangu, aitwe wangu."

"Aende, basi," Rodah akasema.

Watu wakashangaa.

"Aende. Simfungi kamba. Ng'ombe niliotoa sitawadai, wengi wamekufa. Lakini Cheptoo ni wa nyumba ya Koech."

Kiptanui akawageukia wazee. "Hamna njia nyingine?"

"Ndivyo ilivyo," Mzee Kimeli akasema. "Mke anaweza kuondoka. Mtoto haondoki. Labda wewe unajua sheria nyingine?"

"Mimi ni wa kesi za wezi na wapiganaji," akasema Kiptanui kwa huzuni. "Mambo ya ndoa sikufundishwa."

Kisha akafanya jambo ambalo Wilkista alisema lilimliza. Aliweka ile barua juu ya mizani ya majani, akavuka zile hatua tatu, akamshika Chepchumba mikono yote miwili mbele ya kokwet nzima. "Twende," akasema. "Sasa hivi, kwa mguu, kwa mvua hii. Udiwani umeisha. Kazi sijui kama itabaki. Nimekosa, niliogopa, nisamehe. Lakini sasa siogopi mtu. Twende."

Alikuwa analia, na hakuyaficha machozi. Mwaka mzima Chepchumba alikuwa akiota hivi hasa: mchana, watu wote wakiona, na mikono yake ndani ya mikono hii. Mwili wake ulishaanza kwenda. Alihisi kisigino chake kikiinuka.

"Na Cheptoo?" akauliza.

Kiptanui akatazama nje. Mtoto alikuwa amesimama chini ya ukingo wa mabati, mkono ndani ya mkono wa mtu wa Sigowet, kamasi zimemfika mdomoni.

Akainama karibu na sikio la Chepchumba. Akasema kwa upole mkubwa, kwa mapenzi, kama mtu anayetoa zawadi: "Usilie. Tutazaa wengine."

Kisigino kikarudi chini.

Kiptanui hakujua alichosema. Aliendelea kumshika, aliendelea kumngojea, na macho yake yalikuwa mazuri kama siku ya kwanza. Chepchumba akatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Akampangusa lile jasho juu ya mdomo kwa ncha ya leso yake.

"Nenda salama, Robert," akasema.

"Chepchumba, nimesema nini? Nimesema nini mbaya?"

Chepchumba alitoka nje kwenye mvua, akamchukua Cheptoo kutoka kwa mtu wa Sigowet. Yule bwana akataka kusema neno, akaona uso wake, akaachilia. Chepchumba akamfunga mtoto mgongoni na kushika njia ya nyumbani. Nyuma alisikia jina lake likiitwa mara mbili. Mara ya tatu haikuja.

Rodah alifika nyumbani nusu saa baadaye, amelowa, anahema. Akakaa kwenye kiti chake karibu na moto.

"Nilidhani utaenda," Rodah akasema.

"Hata mimi nilidhani."

"Njia yote nilikuwa nafikiri nikupe blanketi gani. Ile nyekundu inanyonya maji."

Chepchumba akatia kuni motoni. Hakujua kama anataka kucheka au kupiga ukuta. "Kogo," akasema, yaani bibi, maana ndivyo mtoto alivyomwita Rodah na yeye alizoea, "usinitafutie mtu mwingine."

"Na jina la Koech?"

"Nimesema usinitafutie."

"Mimi nimezeeka, Chepchumba. Nikifa bila mvulana, huyo wa Sigowet atachukua shamba. Wewe na mtoto mtalala wapi?"

Chepchumba alikuwa amelifikiria hilo mara nyingi, na kila mara lilikuwa pale pale, kama ukuta wa nyumba.

"Tutaongea kesho," akasema.

"Kesho ni kanisa."

"Basi baada ya kanisa."

Rodah akafungua mdomo aseme jambo, lakini mchana ule ulikuwa umemmaliza. Kichwa kikaanguka kando, fimbo ikateleza mpaka sakafuni, akaanza kukoroma pale pale kitini. Cheptoo alikuwa amelala zamani, mgongoni, bado anashikwa na kwikwi ndogo za kilio usingizini. Chepchumba akamfungua, akamlaza kwenye ngozi. Akamvua Rodah viatu vyenye matope na kumfunika kwa blanketi ya kijivu, ile nzuri.

Akatoka kukama ng'ombe. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga bado ulikuwa mwingi. Kutoka pale zizini aliona barabara ya Kericho, tupu, inang'aa mpaka kilimani. Akakama mpaka mwisho, akafunika maziwa, akafunga mlango wa zizi kwa kamba.

Alijilaza kando ya mtoto akisema atapumzika kidogo tu, apike. Nje kuku walikuwa bado wanachakura. Aliweka mkono tumboni mwa Cheptoo, akahesabu anavyopumua, akafika ishirini na kitu, akapotea.